Tanga Linalosingiziwa: Utatuzi wa Matatizo ya Mkazo wa Ukingo wa Mbele kwenye Mashua Ndogo

Nahodha wa mashua ndogo akilalamika kwamba tanga lake limechoka, mara nyingi ukilishusha na kulitandaza mchangani utakuta kitambaa bado ni kizima, na kilichochoka ni kamba inayolipandisha au kishikizo kinachoizuia kamba hiyo. Malalamiko haya hujirudia kila msimu, Unguja na Pemba: mikunjo haiishi, kana (mpini wa usukani) imekuwa nzito, mashua haibishi (haikati upepo wa mbele) kama zamani, tanga limegoma kushuka. Mwongozo huu unayafuata malalamiko hayo moja baada ya jingine, na kwa kila dalili unaanza na sababu inayotokea zaidi na uchunguzi usiohitaji zana.

Mashua inayozungumzwa ni ile ya mlingoti mmoja, yenye urefu wa mita 4 hadi 7, ambayo tanga lake kubwa la pembetatu hupanda katika mfereji wa mlingoti au kwa vitelezi, na ukingo wake wa chini hushikwa na mti mlalo, ambao hapa nitauita mti wa chini. Wenye ngalawa na dau wana sehemu yao mwishoni, kwa sababu tanga la foromali, yaani lililofungwa kwenye mti mrefu unaopandishwa pamoja nalo, hukazwa kwa njia nyingine kabisa.

Kazi ya kuukaza ukingo wa mbele wa tanga, ule ulio kando ya mlingoti, hufanywa na kamba mbili. Henza hulivuta tanga kwenda juu kutoka kichwani, na kamba ya goshi hulivuta kwenda chini karibu na pembe ya mbele ya chini, ambayo ndiyo goshi. Kwenye mashua nyingi za kisasa kamba ya goshi hupita katika tundu lililotobolewa juu kidogo ya pembe hiyo, na tundu hilo huitwa kwa jina la Mmarekani Briggs Cunningham, nahodha wa mashua Columbia iliyoshinda kombe la America mwaka 1958. Faida ya tundu hili ni kwamba nahodha anaweza kuongeza au kupunguza mkazo akiwa safarini, bila kuigusa henza.

Mkazo unahitajika kwa sababu upepo unapoongezeka kitambaa hunyumbuka, na tumbo la tanga husogea nyuma. Ukingo wa mbele ukikazwa, tumbo hurudi mbele. Kwa upepo wa wastani, sehemu yenye kina kikubwa zaidi inatakiwa iwe karibu na asilimia 40 hadi 50 ya upana wa tanga, ukipima kutoka mlingotini. Ili kuiona vizuri, kaa chini ya mti wa chini, utazame juu kwenye mistari ya mishono, kwa kuwa ukitazama kutoka pembeni jicho hudanganyika.

Kabla ya kugusa kamba yoyote

Elekeza omo (mbele ya mashua) kwenye upepo, legeza demani (kamba inayolishika tanga kwa nyuma) kabisa, na legeza pia kamba inayouzuia mti wa chini usinyanyuke. Henza ikivutwa huku tanga limejaa upepo, nguvu zote huishia kwenye msuguano wa mfereji, na unaweza kuchana kitambaa ukidhani unakikaza. Ikiwa mashua imekaa mchangani maji yametoka, hakikisha imelazwa imara kabla ya kupandisha tanga, kwani upepo mdogo tu unaweza kuiangusha juu ya mtu.

Onyo la pili halina mjadala. Mlingoti wa alumini hupitisha umeme. Siku hizi nyaya za umeme zimefika karibu sana na fukwe nyingi zinakopandishwa mashua, na kuusukuma mlingoti uliosimama chini ya nyaya hizo kunaweza kuua watu wote walioshika mashua. Tazama juu kwanza, na kama nyaya zipo, laza mlingoti.

Dalili: mikunjo ya mlalo inayoanzia mlingotini

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na maana yake ni kwamba mkazo hautoshi. Mikunjo huonekana kama mawimbi madogo yanayotoka kwenye ukingo wa mbele kuelekea nyuma, na kwenye tanga la vitelezi kila kitelezi huwa na kikunjo chake.

Sababu ya kwanza si hitilafu hata kidogo: upepo umeongezeka tangu ulipopandisha tanga. Mtu aliyetoka Mkokotoni alfajiri kwa upepo mwepesi, akakutana na kusi (upepo wa kusini) iliyokomaa saa sita mchana, ana tanga lilelile na henza ileile, lakini mkazo uliotosha asubuhi sasa ni mdogo. Vuta kamba ya goshi taratibu mpaka mikunjo ianze tu kupotea, kisha acha. Katika upepo mwepesi, mikunjo midogo ibaki, kwa sababu tanga lililokazwa sana wakati upepo ni mdogo hupoteza tumbo linaloipa mashua nguvu.

Ikiwa mikunjo ilikuwepo tangu mwanzo, angalia kama kichwa cha tanga kimefika mahali pake. Mara nyingi kimesimama sentimita kadhaa chini, kwa sababu kamba ya goshi ilikuwa bado imefungwa wakati wa kupandisha, au demani ilikuwa imekazwa, au uzito wa mti wa chini ulikuwa ukivuta kinyume. Mwenzako anyanyue mti wa chini kwa mkono wakati wewe unavuta henza. Tanga likifika juu, funga uzi wa rangi kwenye henza mahali inapoingia kwenye kishikizo, ili kila siku ujue kwa jicho moja kama limefika au halijafika.

Uzi huo ndio utakaokusaidia katika sababu mbili zinazofuata, ambazo watu huzichanganya kila mara. Mikunjo ikirudi baada ya saa moja ya safari, tazama uzi. Ukiwa umesogea mbali na kishikizo, kamba imeteleza, na tatizo liko kwenye kishikizo. Ukiwa mahali pake palepale lakini kichwa cha tanga kimeshuka, kamba imenyumbuka, au fundo la kichwani linateleza.

Kishikizo chenye meno huteleza meno yakilika, chumvi ikigandia kwenye springi, au kamba ikiwa nyembamba kuliko kipimo chake. Kimwagie maji baridi yasiyo na chumvi, kichezeshe mpaka meno yarudi yenyewe kwa haraka, kisha jaribu tena. Kama meno yamekuwa butu, hakuna dawa ila kubadilisha. Kishikizo cha pembe mbili kikiteleza, kosa karibu daima ni la ufungaji: zungusha kamba mzunguko mmoja kamili kwenye mguu wake kwanza, ndipo uanze kupishanisha.

Kunyumbuka kwa kamba kunahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiko kunakowagharimu watu matanga mapya. Sehemu ya henza inayobeba mzigo, kutoka kileleni hadi kwenye kishikizo, inalingana takriban na urefu wa mlingoti. Kwa mlingoti wa mita 6, kamba ikinyumbuka asilimia 1 tu, kichwa cha tanga kinashuka sentimita 6, na hizo zinatosha kabisa kulijaza tanga mikunjo. Kamba ya poliesta iliyosukwa vizuri hunyumbuka kidogo. Nailoni hunyumbuka zaidi sana, na ndiyo maana inafaa kwa nanga, ambako mnyumbuko hupunguza mshtuko, lakini haifai kwa henza. Tatizo ni kwamba maduka ya vifaa vya uvuvi yamejaa nailoni na kamba za plastiki zinazoelea, nazo ni rahisi kwa bei, basi henza ya awali ikikatika ndizo zinazotiwa. Ile ya plastiki ina udhaifu wa pili: jua letu huila upesi, na ukiikunja mkononi utaona unga na nyuzi zikivunjika.

Niliwahi kumshauri jamaa yangu mmoja anunue tanga jipya kwa sababu la zamani lilikuwa na mikunjo isiyoisha. Alinunua, na la zamani likakatwa likawa kivuli cha banda la samaki. Siku ya kwanza ya tanga jipya tulivuka kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, na kabla hatujafika nusu ya njia mikunjo ileile ilikuwa imerudi, mahali palepale. Henza ilikuwa ya nailoni. Kamba ya poliesta ya milimita 8 ingemtosha, kwa sehemu ndogo ya fedha alizotoa, na tangu siku hiyo sikubali kulihukumu tanga kabla ya kuishika henza mkononi na kujua imetengenezwa kwa nini.

Wapo wanaotumia kamba ya Dyneema, ambayo hainyumbuki karibu hata kidogo. Ni nzuri, ila inateleza mno: fundo la kawaida linaweza kujifungua, na kishikizo cha zamani huenda kisiishike. Acha mkia mrefu kwenye fundo na ulizidishie mizunguko.

Mikunjo ikiwa mahali pamoja tu, tafuta kitelezi kilichovunjika au ukingo uliochomoka kwenye mfereji. Sababu ya nadra ni kamba iliyoshonewa ndani ya ukingo kufupika kwa umri, ambapo kamba hiyo hukaza huku kitambaa kilichoizunguka bado kimelegea. Litandaze tanga nchi kavu, watu wawili walivute kichwani na kwenye goshi. Kamba ikiwa imekaza kama uta wakati kitambaa kando yake kina vikunjo, umeipata sababu. Usijaribu kuifumua mwenyewe. Fundi matanga huiachia kamba ule urefu uliopotea na kuishona upya, na kosa la sentimita chache hapo huharibu umbo la tanga zima.

Dalili: mkunjo mrefu wa wima sambamba na mlingoti

Hapa mkazo umezidi. Kunakuwa na bomba refu la kitambaa kando ya mlingoti, kutoka chini hadi juu, na mashua huwa nzito wakati wa upepo mwepesi. Legeza kamba ya goshi. Bomba likibaki, legeza henza sentimita 2 au 3. Hutokea sana jioni, upepo ukianguka na nahodha akasahau kuurudisha mkazo aliouongeza mchana. Usiache tanga likiwa limekazwa hivyo unapolikunja kwa usiku, maana kitambaa hujifunza umbo baya.

Dalili: kana ni nzito na mashua inalala kupita kiasi

Kana nzito ina sababu nyingi, na mkazo wa ukingo wa mbele ni mojawapo tu, lakini ni ile inayorekebishwa kwa sekunde kumi, kwa hiyo ijaribu kwanza. Tumbo la tanga likirudi nyuma, nguvu ya upepo huvuta upande badala ya mbele, mashua hulala, na omo hutaka kuukimbilia upepo. Vuta kamba ya goshi kwa nguvu, uhesabu pumzi kadhaa, uisikilize kana. Ikipungua uzito, umepata jibu.

Isipopungua, legeza demani kidogo. Kisha angalia watu wamekaa wapi, kwani mashua iliyolala huvutwa upepeni na umbo la ubavu wake hata tanga likiwa sawa. Baada ya hapo ndipo ufikirie kama mlingoti umeinamia tezi (nyuma ya mashua) kupita kiasi. Na kama upepo umefika mahali ambapo mawimbi yote yanavunjika vichwa vyeupe, usiendelee kurekebisha mkazo: punguza tanga au rudi. Katika mkondo wa Pemba, ambako maji ni ya kina kirefu na upepo ukikutana na mkondo wa maji unaokwenda kinyume chake mawimbi husimama wima, uamuzi huo ufanywe mapema, wakati bado una nafasi ya kugeuza mashua bila haraka.

Dalili: unavuta kamba ya goshi lakini hakuna kinachobadilika

Kwanza kabisa, fungua demani kidogo na kamba ya kuuzuia mti wa chini. Zikiwa zimekaza, ukingo wa mbele hushikwa na msuguano, na sehemu ya chini tu ndiyo inayosogea. Dalili yake ni mikunjo kuisha karibu na goshi huku ya juu ikibaki. Vuta wakati mashua inapanda upepo kidogo na tanga linatikisika, nalo litashuka lenyewe.

Pili, tazama uzi wa henza. Ikiwa kila ukivuta chini henza inateleza juu, unalishusha tanga zima badala ya kulikaza. Tatu, huenda hakuna nafasi iliyobaki: tundu limeshafika kwenye mti wa chini, kwa sababu henza ilipandishwa kwa mkazo wa mwisho tangu mwanzo, au kitambaa kimenyumbuka kwa miaka. Hapo kichwa kinahitaji kupanda, kama mlingoti una nafasi, na kama hauna, fundi matanga apunguze kipande cha chini.

Kisha kuna suala la makapi, yaani magurudumu yanayopitisha kamba. Kamba inayopita kapi moja tu hukupa nguvu mara mbili ya mkono wako, na kwa tanga la mita za mraba 10 hiyo ni kidogo upepo ukikaza. Ukiongeza kapi upate mara tatu au nne, hata mtoto wa skuli anaweza kulikaza. Makapi yaliyogandwa na chumvi huondoa faida hiyo yote. Yaoshe kwa maji baridi, uyazungushe kwa kidole, na kapi lisilozunguka lenyewe libadilishe.

Dalili: tanga halipandi hadi juu, au halishuki

Kutopanda ni kero, na kutoshuka ni hatari, ingawa sababu zake mara nyingi ni zilezile. Ya kwanza ni mchanga na chumvi ndani ya mfereji. Mchanga wetu wa matumbawe ni mkali, na mashua zinazolazwa ufukweni huubeba hadi kwenye mlango wa mfereji kila mtu anapolikokota tanga. Mimina maji baridi kutoka juu mlingoti ukiwa umelazwa, pitisha kipande cha kitambaa kilichofungwa kamba pande zote mbili, kisha paka nta ya mshumaa kwenye ukingo wa tanga. Usipake grisi wala mafuta ya kupikia, kwani hukusanya mchanga zaidi na kuchafua kitambaa.

Ya pili ni henza kujisokota kwenye mlingoti au kunaswa kwenye kamba nyingine huko juu. Tazama kwa macho kabla ya kuvuta. Ya tatu ni gurudumu la kapi la kileleni: kamba imetoka kwenye njia yake na kujibana kati ya gurudumu na ubavu. Ukihisi henza imesimama ghafla na kugoma kwenda pande zote mbili, hiyo ndiyo sababu, na kuvuta zaidi kunaizamisha zaidi.

Tanga likigoma kushuka mkiwa baharini, geuza omo kwenye upepo, legeza demani, legeza kamba ya goshi, na uivute henza juu kidogo kabla ya kuiachia, kwa sababu mara nyingi kitelezi kilichobanwa hufunguka kwa kupanda. Kisha vuta ukingo wa mbele wenyewe kwenda chini, karibu na mlingoti, usivute ukingo wa nyuma. Ikishindikana, acha demani ikiwa huru kabisa, tanga lipepee, na muende polepole mahali penye kivuli cha upepo. Kwenye mashua ndogo mtu yeyote asipande mlingoti baharini: uzito wake ukifika juu, mashua hupinduka. Mkiwa mnasukumwa kwenye mwamba, tupeni nanga kwanza na muombe msaada, kwa KMKM (kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari) au kwa chombo kilicho karibu, kabla hamjaanza kupambana na kamba.

Dalili: mikunjo ya mshazari

Mikunjo inayotoka pembe ya demani (ile ya nyuma ya chini) kupanda hadi katikati ya mlingoti haiponi kwa kukaza goshi. Inaonyesha mlingoti umepinda kuliko tanga lilivyokatwa. Legeza kwanza kamba ya kuuzuia mti wa chini. Ikibaki, kamba zinazoshika mlingoti zinahitaji kurekebishwa na anayejua. Hapohapo kagua mguu wa mlingoti. Mahali ambapo alumini inagusana na chuma kisichoshika kutu, maji ya chumvi huila alumini, na unga mweupe kuzunguka skrubu ndio alama yake. Ukiona unga huo pamoja na ufa, au waya unaoshika mlingoti una hata uzi mmoja uliokatika, usiongeze mkazo wowote na usiondoke ufukweni. Muite fundi.

Kwa wenye ngalawa na dau

Kwenye tanga la foromali, ukingo wa mbele umefungwa kwenye foromali yenyewe, kwa hiyo henza hupandisha foromali lote wala haikazi kitambaa. Kukaza hufanywa nchi kavu, kabla ya kupandisha. Tanga likining'inia kama mapazia kati ya fundo na fundo, ama ncha mbili hazikuvutwa vya kutosha wakati wa kufunga, ama mafundo ya katikati yamefungwa mbalimbali mno. Fungua yote, funga ncha ya goshi kwanza, vuta ncha ya juu kwa nguvu ya mtu mmoja aliyejiegemeza, ndipo urudi kwenye mafundo ya katikati, na yawe na mkazo mmoja.

Foromali likiwa jembamba au limeungwa vibaya, litapinda upepo ukiongezeka na kuzikaribisha ncha, na hapo hakuna ufungaji utakaosaidia. Liimarishwe kwa kuunganishiwa mti wa pili au libadilishwe. Na kwa anayetumia kitambaa cha pamba na kamba za pamba, asikaze mpaka mwisho vikiwa vikavu, kwani vikilowa hufupika, na tanga lililokuwa sawa saa mbili asubuhi litajivuta lenyewe mpaka mishono ianze kufumuka. Aache nafasi ya upana wa vidole viwili kwenye ncha ya juu, aende safari fupi, arudi, kisha afunge upya tanga likiwa bado bichi.